Barua ya Mama Mdogo, Namba 214

Nyumbani kwetu karatasi haizagai. Ukiangusha risiti ya umeme asubuhi, jioni utaikuta imetobolewa matundu mawili, imefungwa kamba na kulazwa ndani ya faili la kijani lililoandikwa MAJI NA UMEME. Hiyo ni kazi ya Mama Mdogo. Hata barua niliyomwandikia nikiwa darasa la pili, kumwomba radhi kwa kumvunjia kikombe chake, ipo mpaka leo. Nimeiona kwa macho yangu. Iko kwenye faili la FAMILIA, folio ya sita, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "Amesamehewa."

Folio ni namba ya karatasi ndani ya faili. Nilijua neno hilo kabla sijajua kujifunga kamba za viatu.

Mama Mdogo ni mdogo wake mama, wa tumbo moja, na tunaishi naye tangu nikiwa mchanga. Mama yangu ni fundi cherehani, anashonea sebuleni, kwa hiyo nyumba yetu ina vitu viwili tu: vipande vya vitambaa na mafaili. Mama humwambia mdogo wake, "Siku moja utanitoboa mimi matundu mawili unifunge kamba." Naye hujibu bila kucheka, "Wewe dada huna namba ya kumbukumbu. Sijui ningekuweka faili gani."

Kazi yake iko masjala ya Idara ya Ardhi. Masjala, kwa asiyeijua, ni chumba ambacho kila barua ya ofisi huingilia na kutokea. Nimewahi kwenda mara kadhaa, kwa sababu shule yetu iko barabara ya pili. Kuna dirisha la nondo lenye nafasi ya kupitisha mkono, na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiondoke na wateja. Ndani kuna rafu za chuma mpaka darini, ngazi ya mbao, na harufu ya karatasi za zamani ambayo mimi naipenda na Mama anasema ni ya panya. Juu ya meza kuna rejista mbili kubwa kama mito ya kulalia: ya barua zinazoingia na ya barua zinazotoka. Katikati ya rejista hizo unakaa mhuri wa tarehe.

Mhuri huo unashikwa na watu wawili tu. Mmoja ni mkuu wa masjala, mzee mfupi anayevaa sweta hata jua likiwaka, na ambaye mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa kamba ya faili. Mwingine ni Mama Mdogo. Yule mzee anamwita "binti", yeye anamwita "mzee wangu", na wanagombana kutwa nzima kuhusu madirisha: mzee anataka yafungwe karatasi zisipeperuke, Mama Mdogo anataka yafunguliwe wasife kwa vumbi.

Lakini kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Mama Mdogo hakuwa ameajiriwa. Alikuwa kibarua. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu, na ulihuishwa kila ulipokwisha. Mara thelathini na sita. Miaka tisa. Makarani watatu waliowahi kuajiriwa pale waliletwa kwake awafundishe, akawafundisha, wakapanda vyeo wakaenda zao ghorofani.

Msidhani alikaa tu akisubiri. Nyumbani kuna faili moja jembamba, la rangi ya kahawia, ambalo mimi nalisoma kama kitabu cha hadithi. Limeandikwa MAOMBI YA KAZI. Folio zenye namba witiri ni nakala za barua zake, na zenye namba shufwa ni majibu. Aliomba ukarani wa mapokezi hospitalini. Akaomba ukarani wa takwimu. Ukarani wa mahakama, huo aliuomba mara mbili. Kuna mwaka aliomba ukarani wa bohari bila hata kujua bohari lenyewe liko upande gani wa nchi. Jumla maombi kumi na moja. Majibu saba yanaanza na "Tunasikitika kukufahamisha". Manne hayakuja kabisa, na mahali pake ameweka karatasi tupu yenye namba ya folio na maneno "Jibu halijafika".

Nilimuuliza, "Mama Mdogo, hii si ya miaka sita iliyopita? Bado unasubiri?"

"Sisubiri," alisema. "Lakini likija litakuta nafasi yake."

Ukiniuliza mimi, hizo karatasi tupu ndizo zinazoniuma kuliko zile za kusikitika.

Sasa, siku moja ya mwanzo wa muhula alirudi kutoka kazini, akala, akaosha vyombo, akaja akasimama nyuma ya cherehani ya Mama.

"Dada, nafasi imetoka."

"Ya wapi tena?"

"Ya pale pale. Karani wa masjala, daraja la chini kabisa. Mtu mmoja tu."

Mama akaondoa mguu kwenye pedali. "Si ndiyo kazi unayoifanya?"

"Ndiyo."

"Unaomba kazi unayoifanya?"

"Naifanya, dada, lakini si yangu."

Tangazo lenyewe alikuwa amelipokea yeye, akaliingiza kwenye rejista, akalibandika ubaoni kwa pini nne, kisha akatoka nje akazunguka na kulisoma kama mtu baki. Sharti moja lilisema mwombaji asizidi miaka arobaini siku ya kufunga maombi. Mama Mdogo alikuwa amebakiza siku kumi na tisa kutimiza arobaini na moja. Kwa hiyo hii ilikuwa ya mwisho, si pale tu, bali kila mahali, kwa sababu ofisi zote za serikali zina sharti hilo. Na kulikuwa na kibaya zaidi: akiajiriwa mtu mwingine, kibarua wa nini? Mkataba wa thelathini na saba usingekuwepo. Angefungasha kikombe chake na kofia yake ya mpira ya kidole, ile ya kuhesabia karatasi, akarudi nyumbani.

Barua ilitakiwa iandikwe kwa mkono. Aliandika nane. Ya kwanza ilikuwa na neno lililokatwa. Ya pili wino ulivuja. Ya tatu mpaka ya saba sikuona kosa lolote, lakini yeye aliliona. Ya nane ikatoka safi kabisa, halafu upepo ukaiangusha, mimi nikaikanyaga. Sikukusudia. Nilitamani sakafu inimeze. Mama alitandaza kitambaa cheupe juu ya barua, akachukua pasi yake ya kazi, akaipitisha polepole kama anapiga pasi kola ya bwana harusi. Ikanyooka. Ukiitazama kwa karibu sana unaiona alama ya soli yangu, lakini uwe unajua pa kutazama.

Wakati huo waombaji wengine walishaanza kumiminika dirishani kwake. Kila jioni alitusimulia.

"Leo amekuja kijana mmoja, mpole, jasho linamtiririka. Bahasha yake haina namba ya kumbukumbu ya tangazo. Nikampa kalamu, nikamwonyesha mahali pa kuandika."

Mama aliangusha mkasi. "Anaomba kazi gani?"

"Ukarani wa masjala."

"Kazi yako!"

"Kazi iliyotangazwa."

"Wewe mtu ni mzima kweli? Unawanolea kisu watu wanaokuja kukuchinja!"

"Dada, barua isiyo na namba inaleta usumbufu masjala."

"Ingeleta usumbufu kwake, siyo kwako!"

"Masjala ni mimi," alisema Mama Mdogo, akamimina chai.

Nilihesabu baadaye. Watu kumi na watatu aliwarekebishia bahasha wiki ile. Mmoja alisahau kutia sahihi, akamrudisha akatie sahihi. Mama alimaliza siku mbili bila kusema naye isipokuwa "nipe chumvi".

Ya kwake mwenyewe hakuipitisha dirishani. Alisema mtu hawezi kusimama pande zote mbili za nondo. Akainunulia stempu, akaenda posta Jumanne mchana, akaitumbukiza kwenye tundu la barua. Posta na ofisi yao zinatazamana. Ni hatua mia mbili, nimezipima. Jumatano asubuhi akavuka barabara na funguo za sanduku la ofisi, akalifungua, akaikuta barua yake kati ya nyingine, akaibeba kurudi nayo alikotoka nayo.

Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Aliiandika kwenye rejista, ikaangukia namba 214. Kuandika aliona ni halali, kwa sababu namba haina upendeleo, inafuata foleni. Lakini kugonga mhuri ni kusema "ofisi imekupokea", na hilo aliona halifai kufanywa na mkono wa mwenye barua. Akaiweka juu ya meza ya mzee, chini ya jiwe la kuzuia karatasi, amgongee yeye.

Mzee hakuja siku hiyo. Binti yake alikuwa amepelekwa kujifungua, naye aliomba ruhusa ya siku moja. Siku moja ikawa mbili, kwa sababu walizaliwa mapacha. Mbili zikawa tatu, kwa sababu babu mwenyewe alipoonyeshwa watoto wawili alikaa chini kizunguzungu kikamshika. Ijumaa saa tisa na nusu ndipo maombi yalipofungwa. Na tangazo lilisema wazi, mstari wa mwisho kwa herufi nzito: ombi lisilo na mhuri wa kupokelewa ndani ya tarehe halitashughulikiwa.

Ijumaa hiyo Mama Mdogo alirudi nyumbani amechoka uso. Mama aliposikia barua bado haina mhuri, mikono ilimwenda kichwani.

"Mhuri ulikuwa wapi?"

"Mezani."

"Na wewe?"

"Mezani hapo hapo."

"Na barua?"

"Dada, nimeuinua. Kweli nimeuinua, saa tisa na dakika ishirini na tano. Nikaona mkono wangu na jina langu kwenye bahasha. Nikaurudisha chini."

"Mungu wangu. Ungepungukiwa na nini?"

Mama Mdogo alikaa kitako, akavua kiatu kimoja, akakitazama. "Miaka tisa watu wananiletea hati za viwanja vyao. Hakuna aliyewahi kusema nimependelea mtu. Nikianza na mimi mwenyewe, watasema kweli."

Mama akaenda kumletea maji ya kunawa miguu. Nadhani alilia huko jikoni, kwa sababu alichelewa kurudi.

Jumatatu mzee akarudi, sweta na yote, anaonyesha picha za mapacha kwa kila anayepita. Alipoinua lile jiwe na kuona bahasha, picha zikamwanguka. Haya niliyapata kwa Mama Mdogo mwenyewe, na baadaye kwa mzee, na wote wawili walisimulia sawa, ila mzee aliongeza matusi kidogo.

"Binti, hii imefika lini?"

"Jumatano, mzee wangu."

"Na imelala hapa?"

"Ilikuwa inakusubiri."

Ule mhuri una magurudumu madogo ya mpira, ya siku, mwezi na mwaka. Kila asubuhi unayazungusha kwa kidole. Mzee akaufunga mlango. Akashika gurudumu la siku.

"Narudisha nyuma kidogo tu mpaka Jumatano. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Wewe si mtu wa kuhesabika hapa!"

"Na wewe utajua. Na utastaafu mwakani na jambo hilo kichwani. Mzee wangu, usiurudishe nyuma. Tafadhali."

Mzee alisema hajawahi kutamani kumpiga mtu kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja kama siku ile. Akagonga tarehe ya Jumatatu, paa, mpaka meza ikatikisika. Kisha akachukua kalamu, akaandika chini yake kwa mwandiko wake wa mviringo: "Ilifika Jumatano, tazama rejista namba 214. Sikuwepo kuigonga. Kosa ni langu." Akatia sahihi. Maombi yote mia tatu na arobaini na moja yakapandishwa ghorofani kwa Afisa Utumishi, ambaye ni mama mmoja mkavu, mtu ambaye hata salamu huipokea kama anaikagua.

Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mama Mdogo alipunguza mwili, au labda Mama alikosea vipimo vya sketi yake. Alianza kupanga upya faili la MENGINEYO, kazi anayoifanya akiwa na hofu tu.

Katikati ya wiki ya tatu akaitwa ghorofani, yeye na mzee pamoja. Afisa Utumishi alikuwa na ile barua mbele yake.

"Hii imechelewa," alisema.

"Haikuchelewa, mama, tulichelewa sisi," mzee akajibu. "Nimeandika hapo."

"Umeandika wewe, unayekaa naye meza moja. Nitajuaje?"

Mama Mdogo aliniambia ulimi wake ulikuwa umegeuka kipande cha ubao. Yule mama akaigeuza barua, na nyuma yake akakuta bahasha imebanwa. Kwenye bahasha kulikuwa na mhuri wa posta, mweusi, wa Jumanne.

"Nani anabana bahasha nyuma ya barua siku hizi?"

"Masjala," alisema Mama Mdogo, ulimi ukamrudia hapo hapo.

"Umebana hii tu, au?"

"Zote zilizokuja kwa posta, mama. Ndiyo utaratibu. Uliachwa zamani, lakini haukufutwa."

Afisa Utumishi akavuta lile rundo, akachomoa moja, akaigeuza. Bahasha ipo. Akachomoa nyingine. Ipo. Akachomoa saba au nane, mpaka mzee akaanza kukohoa. Kisha akaagiza iletwe rejista, akaweka kidole kwenye 213, akashuka 214, akashuka 215, akaona mwandiko haujabanwa wala wino haujabadilika.

"Barua iliyotoka posta Jumanne," alisema, kama anajisemea, "haiwezi kuvuka barabara kwa siku sita." Akaandika pembeni neno moja: "Iingizwe." Akawaambia waende, na wafunge mlango kwa upole.

Watu watano waliitwa kwenye usaili. Orodha aliibandika ubaoni yeye mwenyewe, kwa pini nne. Yule kijana mpole wa jasho alikuwemo.

Kuhusu usaili sijui mengi. Najua Mama alimshonea blauzi mpya, akaifumua mkono wa kushoto mara mbili. Najua pia swali moja, kwa sababu Mama Mdogo alilisimulia akiwa bado amekasirika. Bwana mmoja alimuuliza angefanya nini faili likipotea.

"Nikamuuliza, faili gani? Akasema, lolote, ni mfano tu. Nikamwambia, bwana, mfano haupotei. Faili hupotea mkononi mwa mtu. Niambie nani alilichukua mwisho, nitakuambia liko wapi."

"Akasemaje?"

"Akatazama begi lake."

Mama alicheka mpaka akajichoma sindano.

Halafu ndiyo yakaja yale ambayo mpaka leo Mama akiyakumbuka hushika kiuno. Jumatatu moja Mama Mdogo alirudi, akaketi, akapuliza chai yake.

"Barua za majibu zimetoka leo," alisema.

"Zimetoka wapi?"

"Ghorofani. Bahasha tano, zimefungwa. Nimeziingiza kwenye rejista ya zinazotoka, nimebandika stempu, nimezipeleka posta."

Cherehani ikanyamaza.

"Na yako?" Mama aliuliza kwa sauti ndogo sana.

"Ilikuwa ya tatu."

"Uliishika?"

"Nitaibandikaje stempu bila kuishika?"

"Ulikuwa nayo mkononi! Jibu lako! Lina jina lako! Ukaipeleka posta?"

"Imeandikwa sanduku la posta, dada. Haikuandikwa 'kwa mkono'."

"Nyanyuka," Mama alisema. "Nyanyuka nikutazame vizuri. Hivi mimi na wewe kweli tulinyonya ziwa moja?"

Mimi nilitaka kujua jambo lingine. "Mama Mdogo, ilikuwa nzito au nyepesi?"

Akaweka kikombe chini. "Zote zilikuwa sawa," alisema. "Nilizipima."

Siku nne tulikaa roho juu. Yeye aliendelea kwenda kazini kama kawaida, na jambo pekee alilolalamikia ni mzee. "Sijui mapacha wamemfanya nini. Anapiga mluzi masjala. Leo amefungua madirisha yote mwenyewe, bila kuombwa!"

Sanduku letu la posta ni la shule yangu. Ndilo tunalotumia siku zote. Alhamisi, kipindi cha jiografia, karani wa shule akachungulia mlangoni akaniita. Bahasha ya rangi ya kaki, imepigwa chapa ya serikali. Nakiri: niliiinua juani nikaichungulia. Bahasha hizo zina michoro ya buluu kwa ndani, huoni kitu. Nikaibana kifuani chini ya sweta, na vipindi viwili vilivyobaki sikumbuki hata mwalimu alivaa nini.

Mama alipoiona alipafuta mezani mahali pa kuiweka, akaiweka, akaweka mkasi juu yake kana kwamba ingeruka. Tukakaa tunaitazama. Saa kumi na moja Mama Mdogo akaingia. Akaiona. Akaenda kunawa mikono, akajipangusa kidole kimoja kimoja. Kisha akafungua daftari lake la nyumbani la barua zinazoingia, akaandika tarehe na saa.

"Wewe!" Mama alisema.

"Subiri."

Akaichana kwa rula, taratibu, bahasha isiharibike. Akaifungua.

"Soma kwa sauti, utaniua!"

Akasoma. Akaanza juu kabisa: anwani ya ofisi. Namba ya simu. Kumbukumbu namba, pamoja na mikwaju yote. Tarehe.

"Ruka!" Mama akapiga meza. "Ruka hayo!"

"Barua hairukwi, dada." Akashuka mstari mmoja. "Kuhusu: Ombi la kazi ya karani wa masjala. Tafadhali rejea usaili uliofanyika… Ninafurahi…"

Hapo Mama alimnyang'anya barua, akatazama, akanipa mimi, kwa sababu macho yake yalishajaa. Nikamalizia. Ninafurahi kukufahamisha kuwa umeteuliwa. Ajira ya kudumu. Unatakiwa kuthibitisha kwa maandishi ndani ya siku saba. Nikasoma mpaka sahihi, na chini ya sahihi kulikuwa na mstari mdogo: "Nakala: Mkuu wa Masjala."

Mama Mdogo, aliyekuwa amefunika uso kwa kanga, akaufunua ghafla. "Nakala kwa nani?"

"Mkuu wa Masjala."

"Tangu Jumatatu?" Akasimama. "Yule mzee anajua tangu Jumatatu! Ndiyo maana anapiga mluzi!" Na hapo, ndugu zangu, ndipo alipocheka na kulia kwa pamoja, mpaka Mama akamshika mabega asianguke kwenye cherehani.

Barua ameiweka folio ya ishirini na nne.

Jumatatu iliyofuata shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo tulimsindikiza, mimi na Mama, na ile blauzi mpya. Hakuingia kwa mlango wa nyuma. Alisimama nje ya dirisha la nondo, kwenye foleni, nyuma ya bwana mmoja mwenye ramani ndefu ya kiwanja. Ndani tuliiona sweta ikienda na kurudi. Zamu yake ilipofika, alipitisha bahasha yake ya kuthibitisha, na mzee akaipokea kama hajawahi kumwona maishani.

Akaigeuza mbele. Akaigeuza nyuma. Akaivua miwani yake, akaivaa tena.

"Dada," alisema, "bahasha yako haina namba ya kumbukumbu."

Mama Mdogo akaishika nondo. "Haiwezekani."

"Tazama mwenyewe."

Kweli. Mahali pa namba palikuwa peupe pe. Watu kumi na watatu aliwapa kalamu, yeye mwenyewe akasahau. Mama aligeukia ukutani, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mzee akaisukuma ile kalamu ya uzi mpaka kwenye nafasi ya dirisha, polepole, kwa kidole kimoja.

"Andika hapo juu kulia," alisema. "Usiharakishe. Bahasha isiyo na namba inatuletea usumbufu."

Akaandika, ulimi umetoka kidogo pembeni kama mtoto wa chekechea. Mzee akauchukua mhuri, akatuonyesha magurudumu yake kupitia nondo ili tuone ni tarehe ya siku ile ile, kisha akagonga.

"Imepokelewa," alisema. "Sasa zunguka uingie, binti. Kuna barua arobaini hapa zinakusubiri, na mimi nafunga madirisha."